Jiwe la Mwalimu Kashindye

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Kashindye alifundisha nyenzo kwa chaki. Alichora mstari, akaweka pembetatu chini yake, katikati kabisa kwa sababu ya uzuri, akaandika mzigo, egemeo, jitihada. Watoto wa Darasa la Tano wakanakili. Shule nzima pale Mirongo ilikubali kwamba hakuna mtu anayechora pembetatu kama Kashindye, naye hakuona sababu ya kuwapinga.

Kisha akahamia mwalimu mpya, Gladness, kutoka Sengerema, akapewa Mkondo B. Huyu hakuwa na mchoro. Alikuwa na boriti. Watoto wake walishinda nje wakiinua matofali, ndoo za maji na wenzao wanene, na vicheko vyao viliingia dirishani na kuwakuta Mkondo A wakipiga mistari kwa rula. Kashindye alifunga madirisha. Kwa joto la Mwanza, hiyo si hatua ndogo. Alimweleza mwalimu mkuu kuwa kule B hakuna somo, ni michezo tu. Hakumweleza kwamba watoto wake nao walikuwa wameanza kuuliza watatoka lini.

Mbele ya mlango wake palikuwa na jiwe alilokalia kila mapumziko akisahihisha madaftari. Siku moja Gladness akaja kuliomba kwa ajili ya zoezi. Alitanguliza shikamoo, jambo lililomuudhi Kashindye zaidi, maana lilimnyima kosa la kushika.

“Marahaba,” alijibu kwa sauti ya kufika ofisini. “Mkiweza kulisogeza, lichukueni moja kwa moja.”

Jiwe hilo liliwahi kuwashinda mafundi waliojenga darasa. Akaingia ndani akitabasamu.

Vipindi viwili baadaye jiwe lilikuwa mlangoni kwa B. Wakati wa mapumziko, Kashindye akiwa amesimama na madaftari mkononi, msichana mwembamba aitwaye Modesta alimfuata kwa adabu zote.

“Mwalimu, karibu ukae kwetu. Tumelifuta vumbi.”

Kesho yake aliwatoa Mkondo A kulirudisha, na boriti ndefu kuliko ya B. Walitaja aina zote tatu za nyenzo bila kukosea. Wakaweka egemeo katikati, kama walivyofundishwa, wakaning'inia sita upande mmoja. Boriti ikalia. Jiwe likakaa. B walijaa madirishani wakitazama.

Gladness alikuwa amesimama mlangoni. Kashindye alimngoja aseme, ili amkatae. Mtoto mmoja wa A akaachia boriti, akakaa chini.

“Mwalimu Gladness,” Kashindye alisema hatimaye, akiangalia paa. “Egemeo wewe unaliweka wapi?”

“Karibu na jiwe, mwalimu.”

Akawageukia wanafunzi wake, kana kwamba aliuliza kwa niaba yao.

“Mmesikia? Sogezeni.”