Kurasa Mbili za Mlinzi wa Ndiva

Nachora katuni. Hapa Same mjini wananijua kwa mabango ya saluni na vibao vya maduka, na ni kweli ndiyo kazi inayonilisha, lakini kitu pekee nilichowahi kukichora kwa moyo wote ni kijitabu kuhusu mlinzi wa maji. Mlinzi huyo ni baba yangu. Sikumwomba ruhusa.

Kwetu ni juu milimani, upande wa Gonja. Maji ya mashamba hukusanywa kwenye ndiva, bwawa lililojengwa na mababu, kisha hufunguliwa kwa zamu: leo wewe, kesho jirani yako. Ipo kamati, na mwizi wa maji hutozwa faini. Baba aliona faini ni mzaha. Mwaka mmoja wa ukame akajipa mwenyewe kazi ya ulinzi, hakutumwa na mtu, akawa anakagua mfereji kila asubuhi akiwa na mpini wa jembe. Sisi watoto tulijivunia mno. Shuleni nilitamba kwamba hakuna wa kugusa maji yetu.

Asubuhi moja akamkuta jirani yetu amefungulia maji kwenye tangawizi yake, siku ambayo haikuwa yake. Baba hakuuliza. Alimpiga, akamvunja mkono. Mchana ndipo ilipojulikana kwamba yule mzee alikuwa amebadilishana zamu na mtu mwingine, jambo la kawaida kabisa kwetu, mnaelewana kwa mdomo njiani na yanaisha. Mkono ulipona vibaya, ukabaki umepinda. Baba alitoa mbuzi aliyeamriwa na wazee, lakini neno samahani halikumtoka. Miaka mingi walisali kanisa moja, benchi tofauti, na mimi nikawa nachepuka njiani nisije nikalazimika kumwamkia yule mzee.

Hayo ndiyo niliyoyachora. Mlinzi wangu hana nguvu za ajabu. Ana fimbo, ana kofia ya gunia inayoficha uso, na katikati ya kitabu anamvunja mkono mtu asiye na kosa. Anaendelea kulinda, maana kazi nyingine haijui, ila kila anapoinua fimbo unauona ule mkono. Wasomaji waliniuliza kama ni mtu mwema au mbaya.

Nakala moja nilimpelekea baba. Aliisoma barazani polepole, akaifunga, akaingia nayo ndani, nikajua nimeharibu. Kesho yake mama akanipigia simu: baba ameweka kitabu ndani ya koti, amevuka bonde kwenda kwa jirani. Walikaa pamoja mpaka jua la mchana. Nilipopanda tena milimani, yule mzee aliniita mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe, pua yangu umeichora kubwa hivyo kwa nini?" Alicheka. "Lakini mkono umeupatia."

Mvua zilizofuata zilimkuta yule mzee amekwishafariki. Baba alishika koleo kaburini hadi vijana wakamnyang'anya.

Baada ya hapo wachoraji wenzangu wa mikoa mbalimbali wakaanzisha jambo kubwa: kitabu kimoja ambamo mashujaa wa katuni zetu zote wangekutana. Yumo msichana anayeruka, yumo mvuvi anayeongea na mamba, yumo fundi mwenye mikono ya chuma. Adui yao ni jitu linalokunywa maji ya mito na maziwa yote ya nchi. Wakamtaka na mlinzi wangu, kwa kuwa habari ni ya maji. Nilifurahi kama mtoto.

Shida ilikuwa mahali pa kumweka. Mwenzetu aliyekuwa akipanga hadithi aliniambia bila kuzunguka kwamba mtu wangu hakai vizuri na wengine. Wenzake wanaokoa watu, yeye amemlemaza mtu. "Tumpe kurasa mbili," akasema. "Afungue maji, jitu lizame, basi. Yule mwenye mkono mtoe, tukianza kumweleza hadithi inasimama." Nilibisha siku mbili kwenye kundi letu la simu. Kusema kweli sikubisha sana. Nilitaka mtu wangu asimame kwenye picha ya jalada pamoja na wale wanaoruka, na alisimama, pembeni kabisa, kofia yake imesafishwa haina hata tundu. Kurasa zile mbili nilizichora vizuri kuliko kazi yangu yoyote, na hilo linaniuma zaidi.

Kitabu kilipotoka nilikipeleka nyumbani. Baba sasa haoni vizuri. Alivaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza, kidole kikipita juu ya kila sura. Nilimwonyesha kurasa zetu. Akazitazama, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena.

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyo, baba. Huyo anayefungua ndiva."

"Huyo namwona. Nauliza mwenye mkono."

Nikamweleza kwamba hii ni hadithi kubwa, watu ni wengi, nafasi haikutosha. Nilieleza kwa maneno mengi, nikijisikia mjinga kwa kila neno. Alifunga kitabu, akawahesabu waliosimama kwenye jalada.

"Hawa wote wamepata nafasi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Yeye hajapata."

"Hajapata."

"Basi kama yeye hayumo, na mimi nitoe."

Nikamwambia haiwezekani, kimeshachapwa, kimeshasambaa mikoani. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na baba hakuninyamazisha.