Kevin, Mjukuu wa Asukulu

Nakumbuka, mwanangu, maana vijana wote nawaita hivyo, asubuhi moja ya theluji pale Louisville, Marekani, nilipokuwa baba kwa mara ya kwanza na akili zangu bado mbichi. Mke wangu amelala, mtoto wa kiume yuko mikononi mwangu, na muuguzi amesimama mlangoni anauliza tuandike jina gani. Nikajibu bila hata kumeza mate: Kevin.

Kevin alikuwa msimamizi wetu ghalani, mtu wa asili ya Ireland, mwema kweli. Nilipokuwa sina gari, alinipitia nyumbani Highview akanipeleka kazini, wala hakutaka asante. Tena jina lake lilikuwa jepesi. Langu mimi, Wilondja, walilitafuna pale kazini mpaka likabaki Wili, nami nikaapa kwamba mtoto wangu hatatafunwa. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini ukiwa bado upo huwasha macho, usione mbele.

Kwetu Fizi, kule Kongo, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na babu mwenyewe ndiye hulitamka kwanza. Mimi nilibeba la babu yangu, kwa hiyo mama hakuthubutu kunichapa mbele za watu. Angemchapaje baba mkwe wake? Utundu nilioufanya kwa kinga hiyo tuuache. Baba yangu, mzee Asukulu, alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Tangu aliposikia mkwewe ni mjamzito, kila jioni alimwomba dada yangu aangalie kama simu ina chaji. Nami siku ile hospitalini simu yangu ilikuwa mfukoni. Nilijiambia kambini mtandao ni mbovu. Sikujaribu hata kupiga.

Nilimpigia baadaye, mtoto ameshaandikwa.

"Ile jina iko na maana gani?" akauliza.

"Ni jina tu, baba. La rafiki."

Akasema, "Bon, ni sawa. Mungu amuchunge," akampa dada simu. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu.

Tulihamia Columbus, mtaa wa Linden, kuwafuata ndugu za mke wangu. Huko ndiko habari ya kifo cha baba ilikonikuta, Kevin akiwa bado hajaanza shule. Nililia sana, lakini nilikuwa sijajua ninalia nini hasa.

Miaka ikapita, tukafika Buffalo, nikapata kazi ya kutunza wazee. Mmoja wao alikuwa bibi ambaye wazazi wake walitoka Ireland, tumwite Nora. Siku moja nilikuwa namvisha soksi, naye ananisimulia kaka zake. Kieran, akasema, maana yake ni mweusi mdogo, japo kaka yake huyo alikuwa na nywele nyekundu kama kutu. Conor ni mpenda mbwa wa kuwinda, na kaka yake Conor aliogopa hata mbwa wa jirani. Finn ni mweupe. Tukacheka. Nikamwambia kwangu yupo Kevin, na uso wake ukang'aa.

"Hilo ni la mtakatifu wa kwetu," akasema, "aliyekaa peke yake kando ya ziwa, na ndege ndio rafiki zake. Maana yake ni aliyezaliwa mzuri."

Nilifurahi, mwanangu, usiniulize! Niliona nimetua mzigo wa miaka. Ndipo akauliza, "Kwa hiyo baba yako naye aliitwa Kevin?"

Nikasema hapana.

"Ajabu. Kwetu zamani mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana kaka yangu aliitwa Kieran, nywele zake vyovyote zilivyokuwa."

Soksi ya pili ilibaki mkononi mwangu. Nilikuwa nimeikimbia desturi ya kwetu, nikaenda kuchuma jina kwa watu wenye desturi ile ile. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga, nami niliacha hata mila ya wale niliowaiga.

Nilipotoka kazini nilimpigia dada yangu kambini. Nilitaka angalau kaburi la baba liambiwe maana ya jina. Nikamweleza yote, ziwa, ndege, aliyezaliwa mzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya," akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "baba hakukuwaka na shida na maana ya jina. Hata hiyo Kevin angeikubali. Alikuwa anangoja tu umuulize."

Hapo ndipo kilipo kidonda changu, mwanangu, na hakijapona. Husemwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi mjukuu alikuja, na majuto yakaja nyuma yake. Sikukatazi Kevin wala Kieran. Majina ya watu ni mazuri, yana mizizi na heshima yake, na Kevin wangu analibeba lake bila kosa lolote. Lakini jina la mtoto si lako peke yako. Ulizia maana yake kwa wenye nalo, na kabla hujamjibu muuguzi, mwulize mzee wako. Mtandao ukigoma, jaribu tena. Hata kama mwishowe hutalifuata neno lake, mwulize, ajue kwamba bado yumo katika ukoo wake.

Mungu akujalie watoto, mwanangu, wazaliwe wazuri na wakue wazuri. Na siku utakapompigia baba yako kumwambia amepata mjukuu, Mungu ajalie awepo kuipokea simu. Amina.