Kitabu cha Nne Nilichowaambia Watu Wakiruke

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa hivi umalize. Mimi mwenyewe nilikuwa nawacheka watu wa majini na mizimu. Nina duka la steshenari hapa Lushoto mjini, natoa kopi, nabana ripoti za wanafunzi, na jambo hili lilinikuta saa tisa alasiri, umeme upo, akili zangu timamu. Sikuota. Laiti ningekuwa nimeota!

Nianze na Mwalimu Hoza, maana bila yeye hutanielewa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa upande wa Vuga, na alikuwa anachora vitabu vya katuni. Si katuni za kuchekesha. Ni hadithi ndefu za ajabu: milima inayohama, wafalme wanaogeuka mvua, mti uliomeza jeshi zima. Vitabu saba vinavyofuatana, vikichapwa Tanga, na mimi ndiye niliyekuwa naviuza. Nilijitangaza shabiki wake namba moja. Kwenye grupu letu la mashabiki kwenye simu waliniita Profesa, na mimi nikaitika.

Basi Profesa akaandika mwongozo. Watu walikuwa wanauliza waanze na kipi, nikawapangia: anza na cha pili kwa sababu ya vita, rudi cha kwanza, kisha cha tatu, na usithubutu kuukosa ukurasa wa joka. Kuhusu cha nne niliandika maneno matano tu. "Cha nne kirukeni. Hamtapoteza kitu."

Sasa niseme kinachonichoma. Cha nne sikuwa nimekisoma. Nilifunua kurasa tatu nikiwa nimesimama, nikamwona bibi amejitwika kuni anatembea kwenye ukungu. Ukurasa wa pili, anatembea. Wa tatu, anatembea tu. Hakuna joka, hakuna hata neno moja lililoandikwa. Nikakifunga. Mwongozo ukasambaa hadi Dar na Nairobi, na cha nne kikaacha kununuliwa kabisa.

Siku moja Mwalimu akaja dukani. Hakugomba.

"Mwanangu, cha nne ulikisoma hadi mwisho?"

"Nilikisoma chote, Mwalimu."

"Na yule mama, ulimwona alipofika?"

"Nilimwona."

Alinitazama kidogo, akasema asante, akachukua nakala zilizobaki akaondoka nazo. Moja ilikuwa imedondokea nyuma ya rafu, hatukuiona. Tangu hapo hakuchora tena. Nikasikia anaumwa. Sikwenda kumwona.

Ikafika mwezi wa saba. Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka huoni duka la ng'ambo ya barabara. Nilikuwa peke yangu, simu mkononi, nabishana kwenye grupu kuhusu lile joka. Akaingia bibi kizee, kaniki kiunoni, mzigo wa kuni kichwani. Nje kulikuwa na manyunyu, lakini kuni zake zilikuwa kavu kabisa. Niliona, nikapuuza.

"Shikamoo bibi," nikasema, macho kwenye simu.

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi." Ndivyo tunavyosalimiana mchana kwa Kishambaa. "Nataka kurudi kwangu Vuga. Nimemwacha mtoto mlangoni, hajala. Zamani watu walikuwa wananisindikiza, huyu hatua, yule hatua. Siku hizi hawaji. Nimeambiwa wewe ndiye unayewaelekeza watu."

Ningejuaje? Nilidhani ni uzee. Nikanyoosha kidole mlangoni, nikamwambia ashuke na barabara hadi stendi, aulize magari ya Soni, huko mbele ataulizia tena.

Ngoja nikueleze ubaya wake. Kwetu mama mtu mzima mwenye mzigo haonyeshwi njia kwa kidole. Unampokea mzigo, unamsindikiza, hata kama ni hadi kwenye kona tu. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Marehemu mama yangu angenizaba kofi mbele ya watu.

"Hata hadi kwenye kona?" bibi akauliza.

"Nina wateja, bibi."

Wateja gani, jamani? Duka lilikuwa tupu! Alilitazama benchi lisilo na mtu, akatoka.

Aibu ndiyo iliyoniinua. Nilitoka mbio nimwite, nikamkuta dada muuza matunda anayekaa mlangoni kwangu. Nikamuuliza bibi mwenye kuni kaelekea wapi.

"Bibi gani? Nipo hapa tangu adhuhuri, hakuna aliyeingia. Nimekuona wewe tu, unanyoosha kidole na kuongea peke yako."

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule bibi wa cha nne, na kuni zake kwenye ukungu. Nilirudi ndani nikapekua duka zima, nikasogeza rafu, nikaipata ile nakala iliyodondoka, nikakaa chini kwenye vumbi nikaifungua. Ukurasa wa nne, bibi yumo dukani. Nyuma ya kaunta kuna mtu kainamia kitu mkononi, kidole kakinyoosha mlangoni. Kitabu hicho kilichapwa kabla Mwalimu hajanifahamu! Kuanzia ukurasa wa tano ni njia na ukungu mtupu. Bibi hayumo. Ukurasa wa mwisho ni nyumba, mlango wazi, na mtoto kakaa kizingitini.

Nikaandika kwenye grupu: nani alisoma cha nne? Akajitokeza mmoja tu, alikuwa amekisoma kabla ya mwongozo wangu. Akasema anakumbuka vizuri, bibi anafika na mtoto anamrukia magotini. Nikamwomba aangalie nakala yake. Akarudi baada ya muda. "Profesa, hayumo. Mbona hayumo?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa Vuga. Dada yake Mwalimu alinipokea, akaniingiza chumbani. Mwalimu alikuwa amekwisha, mifupa mitupu, lakini akili zake zilikuwa sawa. Akanieleza mwenyewe bila kuulizwa. Alipokuwa na miaka sita, mama yake alikwenda kutafuta kuni, ukungu ukamshukia akapotea. Alionekana mara ya mwisho kwenye kiduka kimoja, akauliza njia, mwenye duka akamwonyesha kwa kidole. Hakurudi, wala mwili wa kuzika haukupatikana.

"Nilimchora alivyozeekea njiani, ili kila anayesoma amsogeze kidogo," akasema. "Watu wakiwa wengi atafika." Akanishika mkono. "Alipita kwako?"

"Alipita, Mwalimu."

"Ulimsindikiza?"

Nilikuwa nimekwenda kuungama. Wallahi, maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini nilipoyaona yale macho, nikasema, "Nilimsindikiza. Nilimwacha karibu kabisa."

Alilia kwa furaha. Akamwagiza dada yake mlango wa mbele uachwe wazi, usifungwe hata kidogo. Na baridi ya Usambara ya mwezi wa saba unaijua, au kama huijui, muulize anayeijua. Mtu mwenye kifua kibovu, mlango wazi usiku na mchana. Walimsihi, akakataa. Siku ya tatu alfajiri alifariki, uso umeelekea mlangoni.

Tumemzika. Mwongozo nimeufuta, lakini watu wanaendelea kutumiana, hata jana umenirudia mimi mwenyewe. Kila alasiri nakisoma cha nne toka mwanzo hadi mwisho, polepole. Bibi hajasogea kutoka ukurasa wa nne. Sijui kama anakataa kusindikizwa na mimi.

Ndugu yangu, ukiulizwa kama umesoma kitabu, na hujakisoma, sema hujakisoma. Utaona haya kidogo, basi. Usidhani uongo wa kitabu ni uongo mdogo. Wangu umeua mtu, na bado haujaisha, maana dada yake Mwalimu bado anaamini. Siku moja ya soko alinisimamisha, akaniuliza kwa upole nilimwacha mama yao wapi hasa, ili aende kumpokea. Nikababaika. Nikasema darajani, pale chini.

Sasa naambiwa kila jioni anateremka darajani na kanga ya kumfunika mama yake, anakaa mpaka giza liingie. Ana umri mkubwa na ameanza kukohoa. Kesho ni siku ya soko, nitamwona. Nimeapa nitamwambia. Wiki iliyopita pia niliapa.