Divai ya Haralampie

Walimfukuza Parascovia wodini kwa sababu ya divai ambayo hakuinywa. Walimfukuza asubuhi, mbele ya wagonjwa, uji ukiwa mezani.

Kazi yake pale haikuwa ya sindano wala ya ufagio. Karatasi za hospitali zilimwita mwelimishaji rika. Wagonjwa wa pombe walimwita "yule aliyelala hapa," na kweli alilala, kitanda cha pembeni karibu na bomba la joto, mikono imefungwa kwa shuka, akipiga kelele kwamba kuku wa mama yake wanamdonoa macho. Miaka mingi imepita. Tangu hapo hajaonja tone, na tangu hapo amechoka. Kuacha pombe hakumwondolei mtu uchovu. Humwondolea tu mahali pa kuuficha.

Zinaida, mshona mapazia, aliletwa na kaka zake msimu wa kuvuna zabibu. Alimtemea daktari maji, akamtukana muuguzi. Parascovia akavuta kiti, akaketi na soksi aliyokuwa akiifuma.

"Na wewe umekuja kunihubiria?"

"Sina mahubiri, dada. Miguu inaniuma, na hapa kuna kiti."

"Ukutani kuna mende."

"Wangu walikuwa kuku. Wakishaondoka utatapika, kisha utalala. Ukiamka utataka kwenda kwenu. Usiende."

"Nani kasema?"

"Kuku."

Zinaida akacheka, kicheko kikageuka kilio. Akamshika Parascovia kidole kimoja, asikiachie mpaka chai ya jioni. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na Parascovia alikuwa maiti aliyerudi.

Muuguzi Eudochia aliyaona hayo akiwa mlangoni. Yeye alikuwa na cheti, lakini wagonjwa walimwulizia kwanza yule asiye nacho. Akageuka, akaenda kuhesabu dawa kabatini.

Kisha akafa Haralampie, fundi wa mapipa, mmoja wa wale ambao Parascovia aliwahi kuketi kando ya vitanda vyao. Moyo ulimsimama akipanda ngazi, hana harufu ya pombe mdomoni. Walipokwisha kumfukia, mjane wake Agripina akaanza kugawa sadaka kaburini kama ilivyo ada: mkate wa duara wenye mshumaa, na kikombe cha divai kwa ajili ya roho ya marehemu. Kikombe hicho hakikataliwi. Ukikikataa, umemwacha maiti na kiu huko aliko. Kila mazishi Parascovia husimama nyuma kabisa, kwenye ua, mpaka vikombe viishe. Siku hiyo Agripina alipenya katikati ya watu, akamfuata mwenyewe.

"Pokea, Parascovia."

"Agripina, si unanijua mimi?"

"Nakujua, ndiyo maana. Wewe ndiye uliyenirudishia mume wangu akiwa mtu. Usimwache na kiu."

Akapokea. Harufu ikampanda puani. Ada ni kumwaga matone machache ardhini, kisha kunywa. Yeye akasema, "Mungu amrehemu," akakipindua kikombe chote. Divai ikaupiga udongo mbichi, ikamrukia Eudochia aliyesimama ubavuni, kwenye viatu vyake vyeupe vya Jumapili. Eudochia akainama, akavifuta kwa leso.

"Divai nzima!" mzee mmoja akaguna. "Kama maji ya vyombo!"

Siku ya kazi ilipofika, daktari Grosu, mkuu wa wodi, akasimama katika chumba cha kulia.

"Umeonekana makaburini na kikombe."

"Nilikimwaga, daktari."

"Walevi wote humwaga, mama. Humwaga kooni."

Mtu akacheka.

"Basi nipime. Au muulize Eudochia, tulikuwa bega kwa bega."

Daktari akamgeukia muuguzi. "Ulimwona?"

"Nilikiona kimejaa mkononi mwake," Eudochia akasema, akiutazama uji. "Kisha nikakiona kitupu."

Hakusema uongo hata neno moja. Aliruka tu lile la katikati.

Parascovia akaambiwa avue koti la wodi. Zinaida akainuka, kijiko mkononi. "Akitoka huyu, natoka na mimi!"

"Keti ule," Parascovia akamkaripia. Alijua kwamba nje ya geti, mkono wa kushoto, kuna duka la pombe. Alilijua vizuri mno.

Sasa anang'oa viazi katika mashamba ya watu. Mchana ukipungua anakwenda kwenye ua wa waya nyuma ya hospitali, mgongo umepinda, kucha zimejaa udongo. Zinaida hutoka na ndala, wakazungumza kupitia waya.

"Leo nimelitamani lile duka."

"Duka halina miguu. Halitakufuata. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi umeimaliza leo."

Siku moja Zinaida alikuja na habari. "Eudochia alikuwa anasugua viatu kwa chumvi. Nikamuuliza doa la nini. Akasema la Haralampie, akaanza kulia. Kisha akaenda kwa daktari."

Kesho yake Eudochia mwenyewe alikuja kwenye waya, lile koti la wodi begani.

"Daktari anasema urudi, dada. Upitie mlango wa jikoni, na yasizungumzwe tena."

"Umemweleza yote?"

"Yote."

"Na wale waliokuwa wakila uji?"

"Aa, hayo si yamepita."

"Yamepita kwako."

Parascovia aliutazama ule mlango wa jikoni. Miguu yake ilikitaka kile kiti, ilikitaka kuliko kitu chochote duniani. Lakini mlevi atakayeingia kesho ataambiwa na wenzake kwamba huyu mama naye hunywa, na hatamshika kidole.

"Mwambie nitapitia mlango nilioutokea," akasema. "Wakati wa uji."

Jibu halijarudi. Umande umeanza kuganda kwenye waya, na Zinaida huja amejifunga blanketi. Daktari Grosu anadaiwa sentensi moja, aiseme katika chumba kile kile, kwa sauti ile ile. Eudochia anadaiwa lile la katikati.