Halo ya Vestina

Manyanda ananunua ng'ombe minadani. Nimefanya naye biashara tangu tuanze na mbuzi mmoja mmoja, na kwenye bei sijaona wa kumdanganya. Kwa mke, hapo ndipo akili humruka.

Mkewe Vestina, Mpimbwe kwa kabila, ni mwalimu wa fizikia hapa Nsemulwa, tena anasoma shahada ya pili. Jumapili wakitoka misa anafungua laptop, anampigia Gervais, kijana wa Katumba anayesoma naye. Manyanda anabaki mlangoni, sikio kama la sungura.

"Ni halo, halo, halo!" akanilalamikia. "Mtu mzima anasalimia mara ngapi? Juzi kamwambia, 'Halo yako nzito kuliko yangu.' Wakacheka! Hiyo laptop nauza, na masomo yaishie hapo."

"Uza," nikamwambia, "ila muuzaji wa hasira hulipwa bei ya hasira."

Hakusikia. Jumapili iliyofuata akaingia maongezi yakiendelea, akaishika laptop.

"Mama Lidia, huyo halo wako ni nani?"

Vestina hakucheka. "Baba Lidia, halo ni wingu. Kila galaksi, yaani lile kundi kubwa la nyota, imekaa ndani ya wingu la maada isiyoonekana. Halitoi mwanga, ila linavuta. Tunapanga galaksi kwa mwanga, halo kwa uzito. Galaksi kubwa tunaipa halo kubwa, ndogo tunaipa ndogo, kisha tunaangalia kama mbingu tuliyoitengeneza kwenye kompyuta inafanana na ya kweli."

"Kitu hukioni, unajuaje kipo?"

"Wewe umeniona na Gervais?"

Kwenye spika ikatoka sauti: "Shikamoo, shemeji."

"Sijakuita wewe!"

Ila laptop akairudisha mezani, akaanza kutoa masharti kama yuko mnadani: spika iwe wazi, na yeye awepo.

"Kaa," Vestina akasema, "ila usituingilie."

Basi anakaa. Wivu haujapungua hata kidogo, umepata kiti tu. Juzi Gervais alisema kuna galaksi imepangiwa halo kubwa mno, inaipwaya kama koti la babu kwa mtoto. Vestina akacheka mpaka akafuta machozi. Manyanda akadai aelezwe. Akaelezwa. Hakucheka.

"Rudia," akasema, akisogeza kiti chake katikati ya mkewe na ile laptop.