Kura Hamsini na Saba za Nukui

Fumie Nukui alitengeneza tofu katika mji wetu wa Sawadani kwa miaka thelathini na mmoja. Aliamka kabla ya jogoo, akasaga soya, akachemsha, akakamua, akagandisha, na kulipokucha vipande vyeupe vilikuwa vimeshakatwa vinaelea majini vikisubiri wateja. Mkono wake ulikuwa mzuri na ulimi wake mfupi. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya mji na nyumba yetu inatazamana na duka lake, kwa hiyo ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, bila kujipendelea.

Kilichokuwa kikimla kwa ndani kilikuwa na jina, nalo ni Kiyoka, mke wa Masaki, mdogo wake Shozo, mume wa Fumie. Fumie alimuuguza mama mkwe wao miaka tisa. Alimwogesha, alimlisha uji, alimgeuza kitandani. Kiyoka aliishi Osaka na mumewe, akija mwaka mpya na siku za kuwakumbuka wafu, mkononi boksi la keki. Lakini bibi kizee alipokaribia kufa, mshipi wake wa hariri, ule wa harusi, alimpa Kiyoka. "Wewe utakupendeza," alimwambia, na Fumie yuko pale pale, ameshika beseni.

Kisha Masaki na mkewe wakarudi kuishi Sawadani, nyumba ya tatu kutoka dukani. Kiyoka akaanzisha chakula cha pamoja cha wazee kila Alhamisi. Ndani ya mwaka mmoja mji mzima ulikuwa unamwita kwa jina lake la kwanza, kama mtoto wao. Kiyoka kasema hivi, Kiyoka kapika vile. Fumie akiwafungia wateja tofu aliyasikia hayo, akaitikia, na uzi akaukaza mpaka kona za tofu zikabonyea.

Mwaka wa uchaguzi wa baraza la mji, watu wakamwomba Kiyoka agombee. Siku ya tatu baada ya habari hiyo, Fumie akamwambia mumewe wakiwa wanakula kwamba na yeye atagombea.

Shozo, mtu wa maneno machache kuliko hata mkewe, alitua bakuli, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Takuma, unataka udiwani?"

"Mbona yeye hukumuuliza?"

"Yeye si mke wangu."

"Basi nakwambia wewe mume wangu. Nagombea."

Kwetu uchaguzi wa baraza ni hivi: viti kumi na viwili, mji mzima ni jimbo moja, na kila mtu ana kura moja tu. Karatasi haina majina wala picha. Mpiga kura anaandika jina la amtakaye kwa mkono wake. Mwaka ule wagombea walikuwa kumi na watatu, maana yake mmoja tu angebaki nje, na wawili kati yao walikuwa akina Nukui, kwa kuwa kwetu mke huchukua jina la ukoo wa mumewe.

Mwalimu Murao, aliyestaafu kufundisha uraia na aliyekuwa akinunua vipande viwili kila asubuhi, ndiye aliyeiona hatari kwanza.

"Mama Fumie, waambie watu waandike Fumie. Atakayeandika Nukui peke yake, kura yake haina mwenyewe."

"Itatupwa?"

"Haitupwi. Itagawanywa kati yenu kwa uwiano. Mwenye kura nyingi za jina kamili anachukua fungu kubwa."

"Yaani mwenye nacho anaongezewa."

"Ndiyo sheria. Wenzetu wana njia nyingine. Waingereza wanaweka kila mtaa na kiti chake kimoja, wa kwanza anachukua, wengine wanarudi nyumbani. Huko msingegongana, mmoja angesimama kule bondeni na mwingine huku."

"Na kama angeutaka mtaa wangu?"

Mwalimu akacheka. "Waholanzi nao wanachagua chama. Chama kinapanga orodha, viti vinagawanywa kwa kadiri ya kura. Mngekuwa kwenye orodha moja, nyote mkaingia."

"Nani angekuwa juu kwenye hiyo orodha?"

"Hilo wangeamua wenye chama."

"Basi ni yeye. Sitaki ya Waholanzi."

"Haya, Waayalandi. Mpiga kura anaandika moja kwa anayempenda, mbili kwa wa pili, tatu kwa wa tatu. Wa kwanza akishatosheka, kura inayozidi inahamia kwa wa pili. Kura za Kiyoka zilizozidi zingekuja kwako."

Fumie alimfungia tofu yake taratibu. "Na mimi ningelazimika kumwandikia namba mbili?"

"Hulazimiki. Lakini ingekuwa busara."

"Mwalimu, kuliko kula makombo ya Kiyoka, bora nilale njaa."

Siku mbili baadaye Kiyoka mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia. "Dada, mimi kwenye mabango nimeandika Kiyoka kwa herufi kubwa. Na wewe ukiandika Fumie hivyo hivyo, hatutaharibiana."

"Asante kwa kunifundisha," Fumie alijibu, wala hakuinua macho.

Mabango yake yalipotoka, NUKUI ilijaa karatasi nzima, na Fumie iko chini, ndogo kama sisimizi. Siku tano za kampeni gari lake dogo lilizunguka mji na kipaza sauti kikitaja jina hilo moja. Wateja walipomuuliza waandikeje, aliwajibu, "Andika Nukui tu, inatosha." Mimi nilimuuliza kwa nini anajichongea. Akaniambia, "Nimelibeba jina hili miaka thelathini na mmoja. Yeye kalibeba kwenye treni ya Osaka. Nikimwachia na hili, nitabaki na nini?"

Kura zilihesabiwa Jumatatu asubuhi katika ukumbi wa michezo wa shule. Nilikuwa meza ya tatu. Kiyoka alipata kura kamili mia tatu na tisini. Fumie mia mbili na kumi. Na pembeni kulikuwa na kirundo kidogo, karatasi hamsini na saba zilizoandikwa Nukui peke yake. Nilizishika moja moja. Nyingi zilikuwa na mwandiko wa wazee, mistari inatetemeka. Kila aliyekuwa ukumbini alijua wazee wale walikuwa wanamwandikia nani. Kiyoka hakuna aliyemwita Nukui.

Lakini sheria haiulizi moyo wa mtu. Hamsini na saba zikagawanywa: thelathini na saba nukta sifuri tano kwa Kiyoka, kumi na tisa nukta tisa tano kwa Fumie. Jumla yake Fumie ikawa mia mbili ishirini na tisa nukta tisa tano. Mgombea wa kumi na mbili, muuza mbolea ambaye hata kampeni hakufanya, alikuwa na mia mbili na thelathini kamili.

Fumie alishindwa kwa sehemu ya ishirini ya karatasi moja.

Kesho yake alifungua duka kama kawaida. Bibi Toyo, mwenye miaka tisini na moja, akaja akamshika mkono. "Pole mwanangu. Mimi niliandika Nukui, kama ulivyosema."

"Najua, bibi."

"Niliandika vizuri kabisa."

"Najua."

Alipotoka, Fumie alikaa juu ya gunia la soya. Aliniambia kwamba pale ndipo alipotambua kuwa kura zile alikuwa amemmiminia Kiyoka kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba kutambua huko hakukupunguza chuki hata punje. Kuliiongeza.

Wiki ya tatu Kiyoka alikuja tena, na safari hii aliingia. Kwetu diwani akiachia kiti ndani ya miezi mitatu, anayefuata kwa kura ndiye anayekikalia.

"Dada, nitajiuzulu. Uingie wewe."

"Ili iwe nini?" Fumie aliuliza. "Mji mzima useme Kiyoka ana moyo mzuri kiasi gani? Kiti chako kaa nacho."

Ndipo Kiyoka, ambaye hatukuwahi kumsikia akipandisha sauti, akaipandisha. "Unadhani nilipenda kuitwa Kiyoka kama mtoto wa shule? Nilipohamia hapa, kila nikijitambulisha kuwa Nukui, watu wananiuliza, wa tofu? Wanasifu tofu, wanasifu ulivyomuuguza mama, kisha wananitazama kama mgeni aliyevaa nguo ya mtu. Jina lilikuwa na mwenyewe. Nikatafuta lingine."

Fumie alimfungia vipande viwili vya tofu na Kiyoka akavichukua, akaondoka. Usifikiri walikumbatiana.

Kiti hakikuachiwa. Fumie akaanza kuhudhuria vikao vya baraza, kwenye viti vya wananchi nyuma, akiwa na daftari. Alikwenda kuandika makosa ya Kiyoka. Lakini kuyajua makosa ya mtu lazima ujue na mambo anayoyasema, kwa hiyo alisoma bajeti, akasoma kanuni, akaja ofisini kwangu kuuliza maji ya mji yanatoka wapi na shule ya chekechea inafungwa kwa amri ya nani. Baada ya miaka minne hapakuwa na mwananchi aliyelijua baraza kumzidi.

Akagombea tena. Mabango yalikuwa na FUMIE kutoka juu mpaka chini. Kiyoka alishika nafasi ya nne, Fumie ya kumi, na orodha ya washindi ilipobandikwa nilimwona akihesabu kwa kidole ni wangapi waliosimama katikati yao.

Kikao cha kwanza Kiyoka alitoa hoja ya kuunganisha shule mbili za chekechea. Fumie alisimama, akaipinga kwa takwimu ambazo hata mwenyekiti hakuwa nazo, na hoja ikaanguka kwa kura moja. Walipotoka nje Kiyoka alimwambia, "Umejiandaa vizuri, Dada," naye akamjibu, "Na wewe ungejiandaa."

Jioni Shozo alimuuliza kikao kilikuwaje. Fumie alivua viatu, akakaa. Akasema kwamba ameshinda, na kwamba Kiyoka alikuwa amevaa koti la kijivu lililompendeza sana, na jambo hilo lilimuudhi mchana kutwa.