Mabonge Kwenye Supu ya Kuku

Chakula hiki nilifundishwa na mama mmoja mzee tunayefanya naye kazi ghalani hapa Louisville. Aliniona kila mapumziko nakula wali wa jana, akanihurumia. Akaniambia kuna chakula cha watu wa Kentucky ambacho hata mtu aliyechoka kama mimi anaweza kukipika.

Unanunua kuku aliyekwisha kuchomwa dukani, unamnyofoa nyama kwa mikono. Unatia sufuriani kopo moja la supu nzito ya kuku, maji makopo mawili, kitunguu, na mfuko wa karoti na njegere za kwenye friza. Kisha kuna unga uliokandwa tayari, unaouzwa ndani ya mkebe wa karatasi ngumu. Ukiugonga kwenye ukingo wa meza unapasuka kwa kishindo. Unakata vipande, unavidondosha juu ya supu inayochemka, unafunika. Dakika kumi na tano usifunue, usikoroge, mpaka viumuke kuwa mabonge. Hilo la kutokoroga alilirudia mara mbili, maana alishaniona mimi ni mtu wa haraka.

Hakujua tatizo langu si haraka. Sisi tumetoka Kivu, na kwetu bugali, yaani ugali, inasongwa mpaka mkono uchoke. Ukiacha bonge moja ndani yake, mlaji atalitoa na kuliweka pembeni ya sahani ili wote walione, na hatasema neno. Mimi mwanamume nilijifunza kusonga nikiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka ambao wazazi wetu wote wawili walifariki katika kambi ya wakimbizi Uganda. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa, dada yetu miwili. Mtu alipaswa kubaki na mtoto, nikaacha shule. Kwa hiyo mara ya kwanza kupika mabonge yale nilisimama mbele ya jiko mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kujikuna.

Machi iliyopita dada yetu alinipigia simu kutoka Columbus, anakosoma uuguzi, mwaka wa pili chuo kikuu.

“Yaya,” akasema, kama wanavyoniita wote wawili kwa kuwa mimi ni mkubwa wao, “mi naacha shule.”

Alikuwa amekwisha kuzungumza na kaka yake, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda, nje kidogo ya Buffalo. Huko palikuwa na nafasi. Angeanza baada ya wiki mbili.

Nilimwambia asifanye lolote, tukae kwanza sisi watatu. Hatuna wazee. Kikiwepo kikao, mimi ndiye baba, na nyumbani kwa baba watu walikula kwanza ndipo wakazungumza. Ijumaa nilimaliza shifti, nikalala saa chache, Jumamosi asubuhi nikapanda basi. Mdogo wangu angeendesha gari kutoka Buffalo, mwendo wa kama saa tano hivi.

Dada alikuwa amepanga karibu na chuo na wasichana wawili ambao wikendi hiyo walikwenda kwao. Nilipita dukani kabla ya kugonga mlango. Nilikuwa nimechoka mno kupika kuku wa kweli, kwa hiyo nilinunua vile vya mama mzee. Tukasimama jikoni bega kwa bega tukinyofoa nyama.

“Kemia nimefeli tena,” akasema.

“Rudia.”

“Nilisharudia, Yaya.”

“Rudia mara ya tatu. Mi narudia maboksi yaleyale miaka sita.”

Alikuwa akichuna ngozi ya kuku vipande vidogovidogo kuliko ilivyohitajika. Nikadondosha unga, nikafunika, nikamwambia twende chumbani nikakae, goti linauma. Huko nilimwambia yote niliyokuwa nimeyapanga ndani ya basi. Nilimkumbusha habari za kambini, mama amelala chini kwenye foleni ya zahanati, na nesi mmoja tu nyuma ya meza akiwa na watu mia mbele yake. Tangu siku ile nilitaka mmoja wetu akae upande ule wa meza. Mimi nisingeweza tena. Mdogo wangu hakupenda vitabu. Alibaki yeye.

“Najua, Yaya,” akasema. “Unaniambiaka tangu sijaota meno.”

Katikati ya maneno hayo mdogo wangu alifika. Mlango ulikuwa wazi, akaingia na njaa yake moja kwa moja mpaka jikoni. Tulisikia kifuniko kikitolewa, kisha kimya, kisha droo zikifunguliwa moja baada ya nyingine. Halafu nikasikia mwiko unavyogonga kuta za sufuria, mlio ninaoujua kuliko sauti yangu mwenyewe.

Nilifika nikichechemea. Alikuwa ameishika sufuria kwa kitambaa, miguu imepanuliwa, anasonga kwa nguvu zote.

“Acha huo mwiko,” nikasema.

“Tulia, Yaya, nimeshaiokoa.” Jasho lilikuwa likimtoka. “Huyu mtoto hajui kupika. Mabonge kama ngumi. Donc, yaani, kama nisingefika mungekula nini?”

“Mabonge.”

Akanitazama, akamtazama dada yake. “Kwa kupenda?”

“Hicho njo chakula chenyewe. Kinaachwa hivyo.”

“Bon, sawa,” akasema, akaweka mwiko chini taratibu. “Mungeandika kwenye kifuniko.”

Dada yetu aliketi sakafuni pale mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu. Sufuriani hapakuwa na mabonge tena, ila uji mzito wa kijivu wenye njegere zilizopondeka. Tuliula vivyo hivyo kwa vijiko. Haukuwa mbaya.

Bakuli lilipofika nusu, dada akasema bila kuinua macho, “Si kemia.”

Akazungusha kijiko bakulini.

“Hata ningefaulu. Muhula uliopita walitupeleka mara tatu kwenye nyumba ya wazee, kuosha vidonda. Nilitoka nje nikatapika. Mara zote tatu. Sasa kila nikifungua kile kitabu nakifunga.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilijaribu. Niliona kuacha shule ni rahisi kuliko kukwambia.”

Mdogo wangu aliacha kula. Mimi nikaendelea, kwa kuwa sikujua uso wangu niupeleke wapi.

“Kuna somo unalolitaka?” nikamwuliza mwishowe.

“Udongo.”

“Udongo gani?” akauliza mdogo wangu.

“Udongo. Wa shamba. Nilichukua kozi moja ya kujazia ratiba, nikawa wa pili darasani.”

“Miaka minne wanasoma udongo? Basi bibi yetu alikuwa profesa.”

“Pengine alikuwa,” dada akasema.

Kisha wote wawili wakanigeukia, maana kikao kilikuwa changu. Nesi wangu yule wa mawazoni nilikuwa nimeishi naye miaka mingi. Nilimpeleka kazini kila siku, nikamweka mbele yangu maboksi yalipozidi uzito. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na uchovu tu, ule wa mtu anayefika kituoni akaona basi lake limepita.

“Tonawanda huendi,” nikasema.

“Siendi.”

“Unabaki shule. Unasoma huo udongo.”

“Ndiyo, Yaya.”

Mdogo wangu alitoka nje na simu kuwaambia kiwandani ile nafasi wampe mtu mwingine. Nilimwuliza dada mtu wa udongo anaamka asubuhi anafanya nini. Akasogeza bakuli pembeni, akaanza kunieleza kwa mikono yote miwili: ule wa mfinyanzi, ule wa kichanga, jinsi maji yanavyopita na yanavyokwama. Nusu ya maneno sikuyaelewa na macho yalikuwa yakijifumba yenyewe. Aliponiona hivyo akanyamaza. Nikamwambia aendelee.